Siku ya Tatu Baada ya Uzazi

Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Kelele zikazuka. Christopher Omulele, aliyekuwa akiongoza kikao, akamwamuru atoke, kwa kuwa kanuni za Bunge haziruhusu mgeni ndani ya ukumbi, na mtoto wa miezi mitano alihesabiwa mgeni. Baadhi ya wabunge wanawake wakatoka pamoja naye. Hassan alieleza kwamba alipatwa na dharura, hakuwa na pa kumwacha mtoto, na hakutaka kukosa kazi. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, ambayo huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti.

Wengi walilijadili tukio hilo kama suala la heshima ya Bunge. Lilikuwa na uzito mwingine. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ilikuwa tayari inamtaka mwajiri atenge chumba safi chenye faragha kwa wafanyakazi wanaonyonyesha, na awape mapumziko yasiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Miaka miwili baadaye, mwanamke mwenye kiti Bungeni hakujua amwache wapi mtoto wake. Na yule aliyempigia kura kule Kinango au Lunga Lunga, anayelima mahindi na mihogo na ambaye hajawahi kuwa na mwajiri, sheria hiyo haikumgusa hata kwa neno moja.

Mwaka 2024 kaulimbiu ya Wiki ya Unyonyeshaji ilikuwa kuziba pengo, ili msaada wa unyonyeshaji umfikie kila mama. Pengo linalotajwa zaidi ni la mjini na kijijini: mjini kuna hospitali, madaktari na wauguzi wa zamu; kijijini kuna zahanati yenye muuguzi mmoja anayepima wajawazito asubuhi na kushona vidonda mchana. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini ukiitazama kwa karibu inapinda. Wapo wanawake wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoishi mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali kubwa, nao hawana msaada hata ule alio nao mwenzao wa vijiji vya Pangani au Kilosa. Vinavyogawanyika bila usawa ni vitu viwili: mtu anayejua kazi ya kusaidia unyonyeshaji, na muda. Swali ni nani anavipata, na anavipata siku gani.

Suala la siku ni zito kuliko linavyoonekana. Mtoto anapozaliwa, ziwa hutoa kwanza dang'a, maziwa mazito yenye rangi ya manjano, machache kama vijiko vya chai. Kati ya siku ya pili na ya tano maziwa yenyewe hujaa. Ziwa huwa gumu na zito, chuchu hutandazika, na mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri jana anashindwa kulishika leo. Akishika ncha tu, chuchu hupasuka. Mama akiumia hufupisha kunyonyesha; maziwa yasipotoka, mwili hupunguza kuyatengeneza, kwa kuwa ziwa hujaza kadiri linavyonyonywa. Wiki haijaisha, mama anasema maziwa hayatoki, mtoto analia usiku kucha, na kuna mtu jikoni anakoroga uji mwepesi.

Tiba ya hali hiyo mara nyingi ni rahisi. Mtoto ageuzwe, tumbo lake liguse tumbo la mama. Asubiriwe afungue kinywa vizuri. Ashike sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Na kabla ya hapo mama akamue kidogo kwa mkono ili ziwa lilainike. Mkunga mzoefu huifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Ila lazima awepo, na awepo siku hiyohiyo. Mwanamke aliyejifungua salama huruhusiwa kwenda nyumbani ndani ya siku moja hivi, kwa sababu vitanda ni vichache na wengine wanasubiri. Miongozo inataka aonwe tena ndani ya wiki ya kwanza, lakini wengi hurudi kituoni katika wiki ya 6, mtoto anapopelekwa kuchanjwa. Siku ya tatu, ile ambayo mambo huharibika, huwakuta nyumbani, na aliyepo nyumbani ndiye mshauri.

Kijijini, aliyepo nyumbani si haba. Katika Pwani ya Waswahili, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na arobaini yake, siku 40 za baada ya kujifungua, ina taratibu zake: hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wenye pilipili manga, na kazi za jikoni hushikwa na wengine. Uchagani hupikiwa mtori. Katika nyumba za Waislamu inajulikana kwamba Sura ya Al-Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, kwa hiyo wazo la kuendelea hadi mtoto afike umri huo, ambalo Shirika la Afya Duniani hulihimiza, limekuwapo kabla ya shirika lenyewe. Mtoto hulala na mama yake na hubebwa kwa khanga mgongoni, na anayenyonyesha chini ya mwembe mbele ya wageni haonekani kuwa na jambo la ajabu. Nairobi, Mei 2018, iliwabidi wanawake waandamane mitaani baada ya mama mmoja kueleza kwamba alifukuzwa mgahawani kwa sababu alikuwa akimnyonyesha mwanawe.

Hiyo ni hazina, na mipango mingi ya afya huipita kana kwamba nyumba ya kijijini ni mtungi mtupu unaosubiri kujazwa. Mwalimu anayeingia humo na kuanza kwa kukosoa hupoteza nusu ya kazi yake mlangoni, maana bibi ndiye atakayebaki na mzazi baada ya mwalimu kuondoka.

Lakini hazina hiyo ina matundu. Zipo nyumba ambako dang'a huonwa kuwa ni maziwa machafu yaliyokaa muda mrefu, nayo hukamuliwa na kumwagwa. Mtoto hupewa maji yenye sukari kwa kijiko ili koo lifunguke, au dawa ya chango. Katika baadhi ya jamii za wafugaji hulambishwa siagi au kunyweshwa maziwa ya mnyama. Tanzania kuna hofu ya kubemenda: imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto angali ananyonya, basi atadhoofika, miguu italegea, na mama atanyoshewa kidole. Matokeo yake, mwanamke anayeona ndoa yake inayumba humwachisha mtoto mapema, na yule ambaye mwanawe ameugua kwa sababu nyingine kabisa huogopa kumpeleka kliniki asije akasemwa. Hayo hayamalizwi na bango ukutani. Huhitaji mtu wa mahali hapo, anayeheshimika, wa kuzungumza na mama, baba na bibi kwa pamoja.

Tundu jingine ni la kazi. Arobaini ni ya mwanamke mwenye mama au dada wa kumpokea mzigo. Mvua zikianza, jembe halingoji. Katika kaunti kame za Turkana na Marsabit, maji yenyewe huwa safari ya saa kadhaa, na mtoto mchanga habebwi juani umbali huo. Huachwa kwa nduguye wa miaka minane pamoja na kikombe cha kitu fulani. Mwanamke huyu hana likizo ya uzazi kwa kuwa hana mwajiri wa kumpa, na hakuna anayehesabu saa zake.

Kisha kuna ugonjwa. Ziwa likishavimba, likawa jekundu na moto, na homa ikapanda, busara ya bibi huwa imefika mwisho wake. Hapo panahitajika dawa, na jipu likishatunga, upasuaji mdogo. Mjini, hiyo ni safari ya bodaboda. Katika kijiji ambacho zahanati iko mbali, na hospitali ya wilaya iko mbali zaidi, huwa ni siku mbili za kuvumilia kwa maji ya moto na majani, na mtoto huhamishiwa kwenye kikombe. Hapa ndipo umbali wa kijiji unapouma kwelikweli: mama wa kijijini hunyonyesha vizuri mambo yakienda sawa, na huachwa peke yake yakienda kombo.

Vipi kuhusu mjini?

Takwimu za kitaifa zinaanza kwa habari njema. Nchini Kenya, watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka 2003. Wakafika 32 katika utafiti wa 2008–09, 61 mwaka 2014, na 60 mwaka 2022. Tanzania ilitoka 50 mwaka 2010 hadi 59 mwaka 2015–16 na 64 mwaka 2022. Huo ni mwendo mkubwa katika muda wa kizazi kimoja, na umetokana na kazi ya wakunga wengi wasiotajwa popote.

Sasa weka kando ya takwimu hizo utafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa Korogocho na Viwandani, mitaa miwili ya mabanda jijini Nairobi. Waliokuwa wamenyonyeshwa maziwa ya mama pekee hadi miezi sita walikuwa takriban asilimia 2. Wawili kati ya mia moja, katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na namna ya kupima. Tafiti za kitaifa huuliza mtoto alipewa nini katika saa 24 zilizopita, na huwachanganya wachanga wa wiki mbili na wa miezi mitano. Utafiti wa Korogocho ulifuatilia kama mtoto alimaliza miezi sita yote bila kupewa kingine. Ndani ya takwimu za kitaifa zenyewe mporomoko unaonekana: Kenya mwaka 2014, walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 84 katika miezi miwili ya kwanza ya maisha, na 42 walipofika mwezi wa nne na wa tano. Lakini hata ukiondoa tofauti ya vipimo, asilimia 2 ni idadi inayotaka maelezo, na maelezo yake yamo katika siku ya mwanamke wa mabandani.

Anajifungulia katika hospitali ya umma au zahanati ya mtaani. Akizalishwa kwa upasuaji, jambo linalotokea zaidi mjini kuliko kijijini, saa ya kwanza ya kumweka mtoto kwenye ziwa humpita akiwa bado anazinduka kutoka kwenye dawa. Anarudi kwenye chumba kimoja cha mabati. Mama yake yuko Siaya au Kitui. Hakuna wa kumkanda wala wa kumchotea maji, ambayo hununuliwa kwa mtungi. Mumewe, kama yupo, hulipwa kwa kutwa. Baada ya wiki mbili au tatu yeye pia hutoka kutafuta kibarua: kufulia watu nguo katika mitaa ya wenye nafasi, au kusimama kwenye lango la kiwanda alfajiri akisubiri kuitwa. Aliyefika na mtoto mgongoni haitwi. Mtoto huachwa kwa jirani anayelea watoto wengi chumbani kwake kwa ujira mdogo, nao wote hunywa uji uleule.

Huyu amepoteza arobaini ya kijijini bila kupata likizo ya mjini. Habari anazo: amesikia redioni na kliniki kwamba mtoto anyonye tu miezi sita, na akiulizwa atajibu sawasawa.

Kilichofuata Korogocho na Viwandani kinastahili kusomwa kwa makini. Watafiti walewale walijaribu kuwatuma wahudumu wa afya wa jamii nyumbani kwa akina mama, kuanzia wakati wa ujauzito hadi baada ya kujifungua, wakiwa na mafunzo maalumu ya ushauri wa unyonyeshaji. Walionyonyesha pekee kwa miezi sita walipanda hadi kama asilimia 55. Jambo la kushangaza ni kwamba kundi la ulinganisho, lililotembelewa na wahudumu wa kawaida wasio na mafunzo hayo ya ziada, nalo lilipanda hadi karibu kiwango hichohicho. Yapo maelezo kadhaa: huduma za uzazi katika vituo vya umma zilifanywa bure mwaka 2013, kampeni za kitaifa zilishika kasi, na majirani huambiana mambo. Lakini haielekei kwamba kutembelewa tu, na mtu anayerudi tena wiki ijayo kuuliza hali, kulikuwa jambo dogo.

Ushahidi kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda, unaelekea hukohuko. Katika utafiti uliofanywa kati ya 2006 na 2008 na kuchapishwa 2011, wanawake wa maeneo hayo, ambao wengine hawakuwa na elimu zaidi ya kusoma na kuandika, walifundishwa kushauri wenzao na wakapangiwa kuwatembelea walau mara tano, ziara moja ikiwa kabla ya kujifungua. Mtoto alipofika wiki 12, walionyonyesha pekee walikuwa asilimia 82 kati ya waliotembelewa na 44 kati ya wasiotembelewa. Utafiti huohuo ulifanywa Afrika Kusini pia, na huko mbinu ileile iliinua idadi kutoka 6 hadi 10 tu. Wakati huo kliniki za serikali nchini humo zilikuwa zikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Jirani mwenye maneno mazuri hawezi kushindana na kopo linalotolewa na muuguzi aliyevaa sare.

Kuhusu virusi hivyo, Afrika Mashariki nayo ilipita katika miaka ya mkanganyiko, ambapo akina mama waliambiwa leo hivi na kesho vile. Tangu 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anyonyeshe. Ujumbe huo ulifika hospitali za rufaa mapema na vijijini taratibu, na wapo wanawake waliokwisha kuwaachisha watoto kwa amri ya jana.

Maziwa ya kopo yenyewe yamewekewa mipaka kwa sheria. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama mwaka 2012, na Tanzania ina kanuni zake, zote zikifuata msimamo wa kimataifa wa mwaka 1981 uliokataza kutangaza bidhaa hizo kwa umma. Sheria hizo zinahitajika. Ila katika nyumba maskini, za mjini na za kijijini, kibadala cha kawaida hakina chapa: ni uji, maji, au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Hakuna mkaguzi anayeweza kuvikamata.

Upande wa pili wa jiji, msaada upo na ni mzuri. Nairobi na Dar es Salaam kuna washauri binafsi wa unyonyeshaji wanaomfuata mama nyumbani, makundi ya WhatsApp ambako swali la saa nane usiku hupata jibu kabla ya alfajiri, mashine za kukamulia maziwa, na majokofu ya kuyahifadhi. Mwenye ajira rasmi ana likizo: Kenya miezi mitatu yenye mshahara kamili, Tanzania siku 84, au 100 akizaa mtoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa pia anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi, haki ambayo wafanyakazi wengi hawajui kuwa wanayo. Hata hivyo likizo zote mbili huisha mtoto akiwa na miezi mitatu, nusu ya ile sita inayohimizwa na serikali hizohizo.

Na ajira rasmi ni ya wachache. Nchini Kenya, zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini nje ya kilimo kidogo wako katika sekta isiyo rasmi. Mama lishe wa Kariakoo, muuza mitumba wa Gikomba na mchuuzi wa samaki wa Feri hawana chumba cha kunyonyeshea kwa kuwa hawana ofisi ya kukiweka. Halmashauri zinazotoza ushuru wa soko kila siku zingeweza kujenga chumba chenye benchi, maji na kivuli kwa watoto katika kila soko kuu. Ushuru huo unatoka mifukoni mwa wanawake haohao.

Ushauri wenyewe pia umeandikwa kwa ajili ya mwenye jokofu. Anaambiwa akamue, ahifadhi, aache nyumbani. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne tu katika joto la kawaida la chumba, na chumba cha mabati cha Manzese, Dar es Salaam, mwezi wa Februari kina joto zaidi ya hilo la kawaida. Kukamua kwa mkono na kunywesha kwa kikombe kidogo kilichochemshwa hufaa hata bila umeme. Hata hivyo kinachotangazwa zaidi ni mashine, na mama asiye na pesa hubaki akiamini kwamba hawezi.

Mgawanyo wa mjini na kijijini huvurugika zaidi kwenye mashamba makubwa. Mchuma chai wa Kericho yuko kijijini kwa kila kipimo, lakini ana mwajiri, saa za kazi na msimamizi. Mashamba mengine yana nyumba za kulelea watoto, na APHRC iliwahi kujaribu huko namna ya kuwasaidia wafanyakazi wanaonyonyesha. Kikwazo kimoja kimejificha katika mizani: mchuma chai hulipwa kwa kilo, na kila anapoiacha safu yake kwenda kunyonyesha, kilo zinapungua. Haki ya mapumziko ambayo hupunguza mshahara ni haki anayeiogopa mwenye nayo.

Kuna pia huduma ambazo mjini pekee ndiko zinakopatikana, na hapo pengo la kawaida linarudi kwa nguvu zote. Mwaka 2019 Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya, ambako maziwa yanayotolewa na akina mama wengine hupimwa, huuliwa vijidudu kwa joto na kupewa wachanga ambao mama zao ni wagonjwa au wamefariki. Mtoto njiti anayezaliwa Lodwar, Turkana, hana benki ya namna hiyo. Ana kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi mchana na usiku, njia ambayo hospitali huiita kangaroo, pamoja na maziwa ya kukamua kwa mkono yanayodondoshwa kinywani. Njia hiyo ni nzuri na haina gharama kubwa, lakini humtaka mama akae kituoni wiki kadhaa, na familia nyingi za mbali haziwezi kumlisha huko wala kuacha watoto wengine bila mtu.

Basi matumaini mengi yamewekwa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi lao la zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na nyumba zipatazo 100 za kuangalia, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Tanzania ilianza mpango wake Januari 2024, ikilenga kufikia wahudumu 137,294, wawili kwa kila mtaa au kitongoji. Hakuna hatua nyingine katika eneo hili iliyo na nafasi kubwa kuliko hiyo ya kumfikisha mtu nyumbani kwa mzazi siku ya tatu.

Nafasi, lakini bado si uhakika. Mkoba una kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Orodha ina malaria, vyoo, kifua kikuu, usajili wa bima. Kumkalisha mama, kumtazama akinyonyesha na kumgeuza mtoto mara tatu hadi ashike hakuingii vizuri katika fomu inayohesabu nyumba zilizotembelewa. Na mhudumu hana namna ya kujua kwamba mwanamke wa nyumba ya mwisho amejifungua jana, isipokuwa zahanati imwambie. Simu ingetosha. Tanzania ina uzoefu wa simu: kuanzia 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilituma ujumbe mfupi wa bure kwa wajawazito na wazazi kupitia namba 15001. Ujumbe wa namna hiyo hufika hata pasipofika gari. Hauwezi kumgeuza mtoto kwenye ziwa, ila mfumo wa namna hiyohiyo ungeweza kumwita anayeweza, siku hiyohiyo mama anapotoka kituoni.

Mabandani kuna ugumu wa ziada, kwa kuwa wapangaji huhama kila kodi inapopanda, na daftari la nyumba 100 huchakaa kabla mwaka haujaisha.

Kuna mwanamke mmoja ambaye hata daftari lililo sahihi kabisa halimwoni, naye ndiye anayeunganisha nusu mbili za habari hii. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, kikombe cha maziwa yaliyokamuliwa humfikia mtoto kwa mkono wa dada wa kazi. Mwajiri amerudi ofisini baada ya siku zake 84, amekamua, ameweka kwenye jokofu, ameeleza saa za kunywesha. Msaada wake umekamilika kwa sababu ya binti huyo, aliyetoka Singida, Iringa, Kitui au Kakamega, mara nyingi akiwa na umri mdogo. Baadhi ya mabinti hao wameacha mtoto wao nyumbani, wa miezi minne, mitano. Siku za mwanzo maziwa huwajaa, humwagika kwenye nguo, huuma; hukamua bafuni na kumwaga, kisha taratibu hukauka.

Mhudumu wa jamii akipita kijijini kwao humkuta bibi na mjukuu, na ukurasa wake wa unyonyeshaji hauna wa kusomewa. Mwenzake wa mjini, akifunguliwa geti, humkuta mama mwenye nyumba na kuandika kwamba nyumba hiyo ina mama mmoja anayenyonyesha.